Wajeda na ukatili wa kijinsia: wanazuia nini, wanakwama wapi

Zinapofika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, Dar es Salaam hujaa mabango na vipindi vya redio kuhusu jambo hilo. Katikati yake iko Desemba 9, sikukuu ya Uhuru, na katika miaka ya gwaride watu huona vikosi vikipita kwa mguu mmoja. Basi kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi, hakosi mtu wa kusema: "Haya mambo ya ubakaji na vipigo wangepewa wajeda. Wiki moja tu, kwisha." Na hakosi wa kumjibu: "Wajeda gani? Wale waliorudishwa kutoka Afrika ya Kati?"

Wote wawili wana lao. Jeshi lina kazi katika kuzuia ukatili wa kijinsia, na kazi hiyo imeandikwa katika maazimio na sheria za kimataifa, ila siyo ile anayoiwaza msemaji wa kwanza. Wa pili naye anataja jambo la kweli, la walinda amani wa Tanzania walioondolewa huko kwa tuhuma za kingono, lakini wengi wanaolitaja hawajui nini hufuata baada ya askari kupandishwa ndege. Kabla ya kufika huko tuelewane kwanza kuhusu maneno.

Ukatili wa kijinsia ni madhara anayofanyiwa mtu kwa sababu ya jinsi yake, au kwa sababu ya namna jamii inavyomchukulia mwanamke na mwanamume. Ndani yake mna kipigo cha mume kwa mke, ubakaji, ukeketaji, binti wa miaka 14 kuozeshwa, na hata kumnyima mtu fedha makusudi ili asiweze kuondoka. Wanaoumia zaidi ni wanawake na wasichana. Wanaume na wavulana wamo pia, hasa vitani na mahabusu, nao ni wagumu mno kusema.

Tawi moja la ukatili huo ni ukatili wa kingono vitani: wenye silaha wanabaka raia, wanateka wasichana na kuwafanya "wake", wanawashikilia kwa utumwa wa ngono. Tawi lingine, ambalo watu hulichanganya na hilo, ni unyonyaji wa kingono. Hapo hakuna bunduki iliyoelekezwa kwa mtu. Mwenye nguvu anatumia shida ya mwenzake, njaa, fedha, ahadi ya kibarua, ili apate ngono, kisha akiulizwa anasema "tulikubaliana".

Na jeshi? Tanzania tuna Jeshi la Polisi, la Magereza na la Zimamoto, lakini hapa ninazungumzia jeshi la ulinzi, JWTZ na wenzake wa nchi nyingine.

Kuhusu kuwashusha mitaani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono, na mara nyingi aliyemfanyia ni mume au mwenza wake. Doria ya wenye bunduki kwenye barabara ya Mandela haimwoni mtu huyo. Yuko ndani, mlango umefungwa, na jirani anayesikia kelele anaongeza sauti ya televisheni.

Vinavyomfikia ni vitu vya kawaida kabisa: jirani kupiga simu, mjumbe wa shina, ofisa ustawi wa jamii, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, fomu ya PF3 ambayo polisi humpa aliyeumizwa aende nayo hospitali, daktari anayeweza kutoa dawa za kuzuia VVU kabla saa 72 hazijapita, na jalada lililoandaliwa likaandalika. Mwanajeshi hakufundishwa hayo. Amefundishwa kumkabili adui kwa nguvu kubwa na kwa haraka, wakati upelelezi wa ubakaji unataka subira na usiri: nguo zisifuliwe, mtoto asihojiwe na watu watano kwa zamu, jina lisitoke nje. Ukimpeleka askari mwenye AK kuhoji binti wa miaka 12 Tandika, hutapata ushahidi, utapata mtoto aliyenyamaza.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo jeshi letu linawagusa vijana wengi wa uraiani kuliko tunavyokumbuka: Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu 2013, mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yaliporudishwa, wahitimu wa kidato cha sita huingia kambini, Ruvu na kwingineko, wavulana kwa wasichana. Kijana wa miaka 19 anayekimbia mchakamchaka alfajiri humsikiliza afande kuliko anavyomsikiliza mwalimu, mzazi au mtoa mada wa semina. Afande akimwambia kwamba kumshika mwenzake wa kike bila ridhaa ni kosa la kufukuzwa kambini, na siku moja mmoja akafukuzwa kweli, somo hilo linakaa. Akicheka pamoja nao, nalo linakaa vilevile. Kwa maoni yangu hiyo ni nafasi kubwa kuliko doria yoyote, na haizungumzwi.

Ni jinsi gani suala hili lilifika mezani kwa makamanda

Kwa karne nyingi ubakaji ulihesabiwa kuwa moja ya mambo ya vita. Watu hufa, nyumba huungua, wanawake hubakwa. Jenerali akiulizwa, anainua mabega. Sheria za vita zilikataza, lakini ilikuwa nadra mtu kufikishwa mahakamani kwa hilo peke yake.

Mojawapo ya mageuzi makubwa yalifanyika hapa hapa Tanzania. Septemba 2, 1998, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komyuni (eneo la utawala) ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ndani ya hukumu hiyo mkawa na jambo jingine la mara ya kwanza: kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hati ya awali ya mashtaka haikuwa na ubakaji. Wanawake waliokuja kutoa ushahidi wa mambo mengine ndio walioanza kueleza waliyofanyiwa ndani na kando ya ofisi ya komyuni, na hati ikafanyiwa marekebisho mwaka 1997, kesi ikiwa inaendelea. Kati ya majaji watatu alikuwapo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini.

Akayesu hakuwa mwanajeshi, wala hakutiwa hatiani kwa kubaka yeye mwenyewe. Alikuwa mwenye mamlaka, mambo yakafanyika kwenye eneo lake akijua, na kwa maneno yake akayatia moyo. Shikilia hapo, kwa sababu karibu kila kinachofuata katika makala hii kinasimama juu ya jambo hilo.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 31, 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likiwa chini ya urais wa Namibia, lilipitisha Azimio 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama. Azimio hilo linataka wanawake washirikishwe kwenye meza za amani na walindwe vitani. Likafuata 1820 mwaka 2008, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililowagusa wanajeshi hasa. Lilisema wazi kwamba ubakaji hutumika kama mbinu ya vita, na kwamba unaweza kuwa uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu, au sehemu ya mauaji ya kimbari. Likiitwa mbinu ya vita, kamanda hawezi tena kusema ni suala la hospitali na mashirika ya wanawake. Mbinu za vita ndiyo kazi yake. Mwaka huohuo Patrick Cammaert, jenerali mstaafu wa Uholanzi aliyewahi kuongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, alisema kuwa katika vita vya siku hizi pengine ni hatari zaidi kuwa mwanamke kuliko kuwa askari.

"Vita ni vita, haizuiliki"

Hii ndiyo imani iliyoota mizizi kuliko zote, na inaaminiwa hata na watu wema. Kwamba mwanamume akikaa porini miezi na bunduki, lazima afanye hayo.

Ingekuwa kweli, majeshi yote yangebaka kwa kiwango kimoja. Hayafanyi hivyo. Elisabeth Wood, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, amelinganisha makundi yenye silaha katika vita mbalimbali na kuonyesha kuwa yanatofautiana sana, hata yakiwa kwenye vita ileile. Waasi wa Tamil Tigers wa Sri Lanka hawakuwa watu wapole: walilipua raia kwa mabomu na kuwatia watoto vitani. Lakini ubakaji wa raia ulikuwa nadra kwao, kwa kuwa uongozi uliukataza na aliyekiuka aliadhibiwa vikali. Nchini El Salvador nako, waasi wa FMLN hawakuwa na sifa hiyo wakati askari wa serikali walikuwa nayo. Miili ya wanaume ilikuwa ileile pande zote. Kilichotofautiana ni amri, na kama amri hiyo ina meno.

Kongo inatupa mifano miwili ya karibu. Januari 1, 2011, katika mji wa Fizi, Kivu Kusini, askari wa jeshi la serikali waliwavamia raia usiku na kubaka wanawake wengi. Kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi iliyohamia Baraka kwa ajili ya kesi hiyo, na mwezi Februari mwaka huohuo akahukumiwa miaka 20 jela. Wanawake walitoa ushahidi mahakamani. Miezi miwili haikuisha tangu tukio. Askari wa kawaida akiona kanali anavuliwa cheo, ujumbe umefika bila semina.

Mfano wa pili unaumiza. Novemba 2012, waasi wa M23 walipoiteka Goma, askari wa serikali walirudi nyuma ovyo hadi Minova, pembeni ya Ziwa Kivu. Vikosi vilikuwa vimechanganyika, hakuna aliyejua yuko chini ya nani, na ndani ya siku chache wanawake na wasichana zaidi ya 100 wakabakwa. Kesi ilisikilizwa baadaye, washtakiwa 39. Mwaka 2014 waliotiwa hatiani kwa kubaka walikuwa wawili, wa vyeo vya chini. Makamanda wa juu hawakuguswa.

Sheria ya kimataifa inasemaje kuhusu bosi ambaye hakugusa mtu? Chukulia mmiliki wa daladala. Anajua dereva wake anakunywa akiwa kazini, abiria wamempigia simu mara kadhaa, na konda amemwambia. Yeye anataka hesabu ya jioni tu. Siku gari linapopinduka hatuwezi kumwachia kwa sababu hakuwa kwenye usukani: alijua, alikuwa na uwezo wa kumwondoa dereva, hakufanya kitu. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika kifungu cha 28, unamshika kamanda kwa namna hiyo. Anawajibika kama alijua au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua zilizo ndani ya uwezo wake kuzuia, kuadhibu au kulifikisha suala panapohusika.

Kuthibitisha ni kazi nyingine. Jean-Pierre Bemba alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa ubakaji na mauaji yaliyofanywa na wapiganaji wake nchini Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003. Mwaka 2018 majaji wa rufaa, kwa wingi wa kura, walimwachia, wakisema mahakama ya chini haikupima sawasawa hatua alizochukua na ugumu wa kuongoza askari walio nchi nyingine. Wapo waliolia siku hiyo, na wapo wanasheria waliosema ilikuwa haki. Kwa upande mwingine, Bosco Ntaganda alipewa miaka 30 mwaka 2019, na kati ya makosa yake kulikuwa na ubakaji wa wasichana waliokuwa ndani ya kundi lake mwenyewe.

Doria ya kuni

Tuache mahakama, twende kwenye kazi ya kila siku ya askari aliye uwanjani. Mfano unaofundisha zaidi unatoka Darfur, magharibi mwa Sudan, na hauna ushujaa wowote wa sinema.

Wanawake waliokuwa kambi za wakimbizi wa ndani walihitaji kuni. Kuni ziko mbali, nje ya kambi, na huko ndiko walikovamiwa. Familia zilikuwa zikipiga hesabu ya kutisha: mwanamume akienda atauawa, mwanamke akienda atabakwa, basi aende mwanamke. Vikosi vya Umoja wa Afrika vikaanzisha doria za kuni. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: njia inapangwa mapema, wanawake wanatangulia kwa kundi, na magari ya askari yanafuata nyuma kwa umbali wa mita 100 hadi 200. Karibu kiasi cha kuonekana na mvamizi, mbali kiasi cha wanawake kuongea yao.

Inaonekana rahisi. Lakini kila kipengele kinahitaji kuulizwa, na wa kuulizwa ni wale wanawake. Wanatoka saa ngapi? Wanapita wapi? Siku gani ni ya soko? Doria ikikosa kuja siku moja, kuni zinahitajika vilevile, na wao watakwenda vilevile. Jeshi limezoea kupanga doria kwa kuangalia ramani ya adui. Hapa linatakiwa kuangalia ratiba ya mama anayepika. Meja Steplyne Nyaboga wa Kenya, aliyekuwa mshauri wa masuala ya jinsia huko Darfur, alipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 kwa kazi ya namna hiyo, ya kuwafundisha wanajeshi wenzake kuyaona mahitaji ya wanawake wanapopanga kazi zao.

Kinachotokea jeshi lisipouliza tulikiona Walikale, Kivu Kaskazini. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, waasi wa FDLR na wa Mai Mai Sheka walivamia vijiji vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, wakabaka zaidi ya watu 300, wakiwemo wanaume na watoto. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, si mbali na huko. Doria ilipita kwenye barabara hiyo na haikuelewa kilichokuwa kinaendelea. Hawakuwa na mkalimani wa kudumu, simu zilikuwa hazishiki vijijini, na hakuna mwanamke anayesimamisha gari la wageni wenye bunduki kueleza kwa ishara kwamba amebakwa. Baada ya hapo Umoja wa Mataifa uliongeza wasaidizi wa kiraia, wenyeji wanaojua lugha, wakae na vikosi vijijini, na ukasambaza simu za kutoa taarifa. Sheka mwenyewe alijisalimisha mwaka 2017 na mahakama ya kijeshi ya Goma ikampa kifungo cha maisha mwaka 2020.

Hapo ndipo Kiswahili kinaingia. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipounda Brigedi ya kujibu mashambulizi huko Kongo, kamanda wake wa kwanza akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, askari wetu walikuwa na kitu ambacho wengine walilazimika kukiajiri: waliweza kumsalimia mama wa Beni na kumwelewa anapojibu. Mama asiye na mkalimani katikati anasema mambo ambayo hawezi kuyasema mbele ya kijana wa kijijini kwake anayetafsiri. Huwezi kuweka bei kwenye hilo. Ila lugha hiyohiyo hurahisisha na mazoea mengine, kama tutakavyoona.

Tukiongeza askari wa kike, je?

Watasaidia. Mwaka 1993 wanawake walikuwa asilimia 1 tu ya walinda amani waliovaa sare, na lengo la Umoja wa Mataifa ni kufikisha asilimia 15 kwenye vikosi vya kijeshi ifikapo 2028. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wa kike anaweza kumpekua mwanamke bila kumdhalilisha. Kisimani anaweza kukaa akaulizia habari. Hata wavulana waliofanyiwa ukatili wakati mwingine huona afadhali kumwambia yeye.

Tatizo ni pale watu wanapomfanya dawa ya kila kitu. Kikosi maarufu cha wanawake watupu kutoka India kilichokwenda Liberia mwaka 2007, kinachotajwa kila mara kwenye hotuba, kilikuwa cha polisi, na kazi za polisi ndizo alizokuwa anazihitaji mwanamke wa Monrovia. Tena, askari mmoja wa kike kati ya wanaume 30 hawezi kubebeshwa nidhamu ya wote. Mara nyingi yeye mwenyewe anahitaji kulindwa dhidi ya baadhi yao.

Nchi zenye majeshi makubwa zimekiri hivyo. Mwaka 2013 mkuu wa jeshi la nchi kavu la Australia, Luteni Jenerali David Morrison, alitoka kwenye video na kuwaambia askari wake kwamba asiyeweza kuwaheshimu wanawake kama wenzake atoke jeshini. Marekani ilikwenda mbali zaidi. Huko kamanda ndiye aliyekuwa anaamua kama askari wake ashtakiwe kwa ubakaji au la. Baada ya miaka ya malalamiko sheria ikabadilishwa, na tangu Desemba 2023 uamuzi huo uko kwa waendesha mashtaka maalumu wasio chini ya kamanda wa kikosi. Majenerali walikuwa wamepinga kwa muda mrefu, wakisema kamanda akinyang'anywa uamuzi huo, nidhamu italegea. Hoja yao si ya kipuuzi, kwa kuwa kesi ya Fizi inaonyesha amri inavyoweza kufanya kazi. Lakini kamanda huyohuyo ndiye anayetaka kikosi chake kionekane safi, na mshtakiwa anaweza kuwa dereva aliyemwendesha kwa miaka minne.

Waliorudishwa

Sasa turudi kwa walinda amani. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa una masharti yanayomhusu kila anayevaa kofia ya buluu, na leo hii yamechapwa kwenye kikadi cha mfukoni ambacho askari hukibeba. Ngono na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, hata kama sheria ya nchi hiyo inaruhusu umri mdogo zaidi, na kusema "nilidhani ni mkubwa" si utetezi. Kutoa fedha, chakula, kazi au zawadi ili kupata ngono ni marufuku, hata mahali ambapo biashara ya ngono ni halali. Ukimwona mwenzako anafanya, utoe taarifa. Askari wetu hufundishwa haya kabla ya kuondoka. Kituo cha mafunzo ya ulinzi wa amani kiko Kunduchi, hapa hapa Dar.

Wengi hulishangaa sharti la pili. Mtu mzima na mtu mzima wamekubaliana, kosa liko wapi? Liko kwenye ile pakiti ya biskuti anayoitoa askari. Mwanamke aliyekimbia kijiji chake bila sufuria, mbele ya mtu mwenye chakula, silaha na gari, hana nafasi ya kukataa inayofanana na ya mwanamke wa Sinza anayetongozwa baa.

Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza tuhuma dhidi ya askari wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni, zikihusu pia wasichana walio chini ya miaka 18 na madai ya kuzaa watoto. Juni 2023 kikosi cha Watanzania 60 kiliondolewa Jamhuri ya Afrika ya Kati baada ya uchunguzi wa awali kupata ushahidi kwamba 11 kati yao waliwafanyia unyonyaji na unyanyasaji wa kingono watu wanne. Si Watanzania peke yao: Sri Lanka ilirudishiwa zaidi ya askari 100 kutoka Haiti mwaka 2007. Nimeona watu mitandaoni wakisema kuyataja haya ni kuwachafua vijana wetu waliokufa wakilinda amani Darfur mwaka 2013 na Semuliki, Kongo, mwaka 2017. Mimi naona wanaowachafua ni wale 11.

Kwa nini wote 60, ikiwa watuhumiwa ni 11? Azimio 2272 la mwaka 2016 linaruhusu kurudisha kikosi kizima pale ukatili unapoonekana kuenea au kuwa wa kimfumo. Tumerudi kwa mmiliki na dereva: walio juu walikuwa wapi?

Na kwa nini wasifungwe kulekule? Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake wala gereza lake. Nchi zinauazimisha askari wao, na kwenye makubaliano ya kuwaazimisha kila nchi inabaki na mamlaka pekee ya kuwashtaki askari wake kwa makosa ya jinai. Umoja wa Mataifa unaweza kuchunguza, kurudisha, kuzuia posho na kumfungia mtu asitumwe tena. Kumfunga hauwezi. Tatizo hilohilo linajitokeza majeshi yanapokaa nchi ya watu kwa mkataba wa mafunzo. Mwanamke kijana aliuawa Nanyuki, Kenya, mwaka 2012. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ukahitimisha kuwa aliuawa na askari mmoja au wawili wa Uingereza, na familia imeendelea kuhangaikia haki kwa miaka mingi.

Baadhi ya nchi, Afrika Kusini ikiwemo, zimejaribu kupeleka mahakama ya kijeshi kulekule uwanjani, ili mlalamikaji na mashahidi waone mshtakiwa anajibu. Ni ghali, lakini ikilinganishwa na kesi inayosikilizwa kilomita 2,000 mbali bila shahidi hata mmoja, inafanana na kesi.

Watoto ndio walio mahali pagumu zaidi. Umoja wa Mataifa hauwezi kutamka kisheria nani ni baba, wala haulipi matunzo. Unaweza kusaidia kuchukua sampuli za vinasaba na kuzipeleka kwa serikali ya nchi ya askari. Mfuko wa wahanga ulioanzishwa 2016 hugharimia huduma kama matibabu, ushauri na mafunzo ya kazi, fidia haimo. Ili mama wa Beni apate matunzo, lazima serikali ya nchi nyingine ikubali kumtafuta mtu, imtake atoe sampuli, kisha mahakama ya huko imwamuru alipe, na mtu huyo awe bado anapokea mshahara unaoweza kukatwa. Mama huyo hana wakili, hana pasipoti, na mara nyingi analijua jina moja tu la baba wa mtoto wake, lile lililoshonwa kifuani kwenye sare.